Kigari cha Mheshimiwa: kutoka Dar mpaka Tukuyu na mtoto wa miezi 8

Naomba nianze na kigari maana ndo kimebeba stori yote hii, japo mtoto chenyewe hakikumbeba sana.

Wiki moja kabla ya safari baba mtoto akarudi nyumbani na kigari cha kusukumia mtoto, mtumba wa Karume, kaambiwa laki na ishirini akashusha mpaka elfu 85. Kina kivuli cha kukunja, kina kikapu chini, kina hadi sehemu ya kuweka kikombe. Akawa anakisukuma sebuleni, anakata kona kwenye meza, anarudi nyuma, utadhani yuko veta anafanya mtihani wa leseni. Mi nikauliza tu, baba, Tukuyu kuna pa kusukumia hiki? Akanambia mke wangu acha ushamba, wazungu wanazunguka dunia nzima na hivi vitu. Sikubishana. Nikaenda kwenye kabati nikaongeza vitenge viwili kwenye begi nikanyamaza.

Mtoto wetu nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu kila anapokwenda lazima kuwe na maandalizi, msafara unamsubiri yeye, na hamna anayejua atainuka saa ngapi. Alikuwa na miezi 8, meno mawili ya chini, na babu na bibi yake wa Tukuyu walikuwa hawajamuona zaidi ya kwenye simu. Mama mkwe alikuwa ameshaanza ile sauti ya "sawa tu mwanangu, mkipata nafasi", na we ukiwa umeolewa ukisikia hiyo sauti unajua nafasi itafutwe haraka. Basi tukapanga, Iringa siku tatu, Mbeya siku mbili, halafu Tukuyu kwa wazee. Mwezi wa saba. Yaani kwa akili zetu timamu tulimchukua mtoto wa Dar tukampeleka nyanda za juu kusini mwezi wa saba.

Tulitoka saa kumi alfajiri ili tukwepe foleni ya Kibaha na ili Mheshimiwa aunganishe usingizi. Tuna gari dogo, kiti chake kimefungwa siti ya nyuma na mi pembeni yake, kila baada ya masaa mawili tunasimama ananyonya anajinyoosha, hilo nalisisitiza, usinyonyeshe gari likiwa linakimbia hata kama analia, simamisheni pembeni, nyonyesha, endeleeni. Mikumi barabara inakatiza hifadhi karibu kilomita 50, tukaona tembo karibu kabisa na lami, swala, nyani wamekaa kama wanasubiri daladala, twiga mmoja. Mheshimiwa kalala. Nimemwamsha? Thubutu. Nimempiga picha kalala na tembo dirishani nyuma yake, akikua atajua mwenyewe.

Aliamka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, pale penye mibuyu na vitunguu vinavyouzwa barabarani, akaanza kulia, na akalia mlima Kitonga wote. Waliopita Kitonga wanaijua, kona juu ya kona, malori yanapanda kama kinyonga, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, huwezi kusimama huwezi kuovateki. Masikio yalikuwa yanamuuma nadhani, kule kupanda ghafla, nikamtia maji kidogo kwa kijiko kameza katulia. Baadae nikaja kujua kwamba kumeza ndo kunafungua masikio, kwahiyo siku ya kurudi nilikuwa tayari na kijiko.

Iringa mjini iko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini kule Ipogolo halafu we unakata unapanda. Tumeshuka pale gesti saa kumi na moja jioni, nimefungua mlango wa gari tu, aisee. Kale kaupepo. Mheshimiwa akashtuka akavuta pumzi akanitazama kama ananiuliza nani kawasha hiki kitu. Sweta, mzula, soksi mbili mbili, na bado pua nyekundu. Dada wa mapokezi anatusalimia kwa Kihehe "kamwene" anacheka, anasema mama hii ni ahueni, nendeni Mafinga muone.

Sasa kesho yake ndo siku ya kigari. Plani ya baba mtoto ilikuwa tutembee mjini kwa miguu, Mheshimiwa kakaa kwenye kigari, sisi na miwani ya jua. Tukaanza vizuri tu. Tatizo la Iringa ni moja, mji wote ni mteremko. Ukishuka unavutwa na kigari, ukipanda unasukuma kama mkokoteni wa maji, na pembeni hamna njia ya miguu iliyonyooka, kuna mtaro, kuna mama kaweka nyanya, kuna pikipiki imepaki. Watu wanageuka. Mtoto mmoja wa shule akamuuliza mwenzie huyu mtoto anaumwa? Dah. Tukafika karibu na sokoni nikamtoa Mheshimiwa nimnyonyeshe, baba mtoto kaenda kununua maji, kigari tumekiacha kimefungwa breki na pampasi ndani. Breki ya mtumba hiyo. Nasikia tu watu "eeeh eeeh eeeh", kugeuka kigari kinateremka chenyewe kwa heshima zote, kivuli kimefunguka, kinakwenda. Mama mmoja muuza mboga akaruka kakikamata, na alipochungulia ndani akakuta pakti ya pampasi badala ya mtoto alikaa chini akacheka mpaka machozi. Mi miguu ilikuwa imekufa ganzi kabisa. Yule mama akanifunga Mheshimiwa mgongoni yeye mwenyewe, kaniinamisha, kamweka, kakaza kitenge, kanipiga kofi la mgongo kama anafunga mzigo wa kuni. "Haya mama, tembea."

Na kweli nikatembea. Kitu ambacho kigari hakikuweza kwa nusu siku mgongo ulimaliza kwa lisaa. Tuliingia Boma, lile jengo la Mjerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, kuta nene, ndani pametulia, Mheshimiwa akawa anashangaa mikuki na ngao kwa juu ya bega langu. Hapo hapo wanauza vikapu vya Iringa, vile vya majani ya milulu vinavyosukwa na kina mama wa Kihehe, nimenunua kimoja nikasema cha sokoni, kikageuka cha pampasi. Jioni tukapanda Gangilonga. Hilo ni jiwe kubwa juu ya mji, jina lake kwa Kihehe maana yake jiwe linaloongea, na wanasema Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, alikuwa anakuja hapo kukaa na kuwaza, kuuliza jiwe. Kupanda si mbali ila kuna sehemu unatumia mikono, kwahiyo kama una mtoto mfunge vizuri na usivae ndala kama mi. Juu kule unaona mji wote, mabati yanawaka jua linazama, moshi wa jikoni unapanda kila upande. Jiwe halikusema kitu. Aliyeongea ni Mheshimiwa, kwa sauti, nusu saa nzima, "baba baba baba", na baba yake akavimba kichwa mpaka leo anaamini aliitwa yeye.

Siku ya tatu tulienda Kalenga, kama kilomita 15 hivi kutoka mjini, ndo ilikuwa makao makuu ya Mkwawa kabla Wajerumani hawajaibomoa ngome yake 1894. Wahehe walikuwa wamewachapa Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, kamanda wao Zelewski kafia pale pale, mnara wa kumbukumbu uko barabarani kabla hujafika Iringa ukitokea Dar. Baada ya ngome kuanguka Mkwawa kawahangaisha porini miaka minne mingine mpaka 1898 alipojipiga risasi mwenyewe asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Fuvu hilo liliandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kwamba lirudishwe, na likarudi 1954. Sasa liko pale, ndani ya kioo, kwenye kijumba kidogo kimya. Nilikuwa najiuliza ni sawa kweli kuingia na mtoto mchanga mahali pa hivyo. Mzee aliyetutembeza akasema ingia naye, huyu ni babu yao wote. Alivyotuambia kwamba aliyepokea fuvu, Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ndo alikuja kuwa Spika wa Bunge miaka mingi sana, mume wangu akamgeukia mtoto akasema umesikia Mheshimiwa? Mheshimiwa akacheua kwenye kola ya sweta langu.

Kuhusu baridi niseme hapa hapa kabla sijasahau maana ndo mlikuwa mnaniuliza wasapu. Mtoto usimwogeshe asubuhi kule. Sisi tulikuwa tunamwogesha saa saba saba mchana jua likiwa kali, dirisha limefungwa, maji ya moto ya kwenye chupa ya chai, dakika tano, mafuta ya mgando mwili mzima na midomo na mashavu maana kale kaupepo kanapasua ngozi, anavaa anakwenda juani. Asubuhi na jioni kitambaa cha uvuguvugu tu. Uji wa lishe nilibeba unga wangu, na ndizi mbivu na parachichi huko hujisumbui, parachichi moja la huko ni la kulisha kijiji. Kadi ya kliniki beba. Chandarua beba, usidanganywe na baridi, njiani kuna maeneo ya chini ya joto na mbu wapo.

Siku ya nne safari ya Mbeya, na Isimila iko njiani, kama kilomita 20 tu kutoka Iringa mjini, kwahiyo tulipitia asubuhi. Hapa naomba nikae kidogo maana pamenigusa kuliko nilivyotegemea. Ni korongo. Mvua na upepo vimekula udongo kwa miaka na miaka mpaka zimebaki nguzo ndefu za mchanga mgumu, ndefu kama nyumba za ghorofa, juu zina vichwa kama zimevaa kofia. Ukisimama katikati yake we ni sisimizi. Na humo ndani ndo zilipatikana zana za mawe za watu wa kale, shoka za mkononi, vya kukatia, vya kuparulia, msafiri mmoja aliyekuwa anapita kwenda Afrika Kusini aliziona 1951, na 1957 wakaja wataalamu wa mambo ya kale, kina Clark Howell, kuchimba. Zamani ilikuwa inaandikwa kwamba zana zina miaka elfu 60, vipimo vya baadae vikaja na laki mbili na elfu sitini. Mifupa ya viboko wa aina iliyotoweka ilikutwa humo pia, wale waliokuwa na macho yamechomoza juu ya kichwa.

Baba mtoto, baada ya yote yaliyotokea sokoni, akashusha kigari. Eti hapa ni tambarare. Hapa ni mchanga wa mtoni baba! Magurudumu yakazama hatua kumi za kwanza. Kijana aliyekuwa anatutembeza, mstaarabu sana, akashika mbele baba mtoto nyuma, wakawa wamekibeba juu juu kama kiti cha sultani, Mheshimiwa ndani kashika kingo mbili, macho yamemtoka. Nimeacha waende hivyo mpaka jasho liwatoke ndo nikatoa kitenge.

Halafu nikawa nazunguka na mtoto mgongoni kati ya zile nguzo, ameegesha shavu, namsikia anavyopumua, na nikajikuta nawaza yule mama wa miaka laki mbili iliyopita. Maana pale kwenye makumbusho kuna shoka, kuna mawe ya kuchunia ngozi, yote vitu vya kukata na kuua na kuchuna. Cha kubebea mtoto hamna. Na lazima kilikuwepo, hauwezi kuchuna kiboko huku umeshika mtoto mkono mmoja, mama yeyote anajua. Ila kilikuwa ngozi, kilikuwa kamba, vikaoza, havikuingia kabatini. Nilimwambia yule kijana akacheka akasema mama hilo swali sijawahi kuulizwa. Nikamwambia basi waliokuja wote walikuwa wababa.

Barabara ya Iringa Mbeya ni kama kilomita 330 na ina hali za hewa nne. Mafinga ukungu na misitu ya mbao, tumekula mahindi ya kuchoma ndani ya gari vioo vimefungwa. Makambako upepo. Halafu unashuka Igawa, Rujewa, Chimala, joto linarudi, mashamba ya mpunga ya Usangu hayo, tunavua masweta. Halafu unapanda tena Uyole unayavaa. Mheshimiwa alivuliwa na kuvalishwa mara tano mpaka akawa akiona mzula anapiga kelele mapema.

Mbeya jiji nitaenda haraka kwa sababu ukweli siku ya kwanza wote watatu tulilala. Mji umezungukwa na milima, Loleza iko pale juu ya mji kama mtu kakuinamia, na uzuri wake ni kwamba hata ukiwa kwenye bajaji Kabwe kwenye foleni ukiinua macho unaona mlima, Dar ukiinua macho unaona nguzo ya umeme. Tulizunguka Mwanjelwa, nikanunua mchele (nilijiapiza kilo 10, nimerudi na 40), sweta za mtumba za mtoto za kufuma, nzito, safi, bei ya kucheka, laiti ningejua nisingenunua Dar. Kigari kilikwenda Mwanjelwa pia. Kilibeba mchele. Kikabeba vizuri sana, nikamwambia mume wangu unaona, kumbe kina kazi, hakujibu.

Siku ya pili tukaenda kukiona kimondo cha Mbozi, kiko mkoa wa Songwe sasa hivi ila kutoka Mbeya unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa raha, unashika barabara ya Tunduma halafu unakata kushoto kwenye njia ya vumbi. Jiwe la chuma kutoka angani, urefu kama mita 3, uzito zaidi ya tani 10, karibu lote chuma na nikeli, wenyeji walikuwa wanalijua zamani sana kabla wageni hawajaliandika 1930. Kuna sehemu unaona alama za msumeno watu wamejaribu kukata kipande, na wamehangaika kweli kweli, chuma hicho hakicheki na mtu. Nikamsimamisha Mheshimiwa pembeni yake nimpige picha, nashika simu, kugeuka mtoto ameinama ameweka ulimi. Amelamba kimondo. Meno yanamuwasha kwahiyo kila kitu anapima kwa mdomo, lakini hiki dah. Mhudumu akasema usiogope mama, kina miaka mingi hapa na mvua inakiosha. Nilimpangusa na kumnywesha maji na kwa siku mbili nilikuwa namchungulia kila pampasi kama mwanasayansi. Hakupata kitu.

Sasa Tukuyu.

Kutoka Mbeya ni kama kilomita 70, unapanda mpaka baridi inagoma kisha unaanza kushuka kwenye kijani ambacho sijawahi kukiona popote, migomba, chai, migomba, chai, udongo mweusi, mlima Rungwe umekaa pembeni kichwa kwenye wingu. Mvua ya manyunyu. Mwezi wa saba huo, kiangazi nchi nzima, Tukuyu wao wana manyunyu. Mama mkwe alikuwa barabarani na mwavuli. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi. Akampokea mtoto hata sijashuka vizuri, akamnusa shingoni, akasema maneno mengi ya Kinyakyusa nikashika "ndaga" tu, yaani asante, ndaga fijo, ndaga fijo, analia. Baada ya hapo ndo akaona baba mtoto anatoa kigari kwenye buti.

Akakitazama. Akauliza hiyo nini. Akaelezwa. Akasema, "Mtoto ana mama, mama ana mgongo, hilo toroli la nini?" Mume wangu kakirudisha kwenye buti kimya kimya, mi nikaangalia migomba.

Usiku wa kwanza tulitofautiana kidogo na mama, na nalisema kwa sababu wengi mnapeleka watoto vijijini mwezi huo. Alituletea jiko la mkaa chumbani, limewaka vizuri, ili mjukuu asipigwe na baridi. Upendo mtupu. Ila chumba kimefungwa, dirisha limezibwa na gunia, na mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki. Nilikuwa naogopa kumkataza, mi ni mkwe, nimekuja jana. Nikamwambia mume wangu ongea wewe, ni mama yako. Akaongea, mama akanuna kidogo, "sisi tumewalea ninyi sita na jiko hili hili", lakini akalitoa nje. Tulimpasha chumba moto mapema mlango wazi, jiko likatoka, mtoto kalala katikati yetu na blanketi zito. Asubuhi akakuta mjukuu ana jasho shingoni akatulia.

Sasa kuna jambo sijalisema. Baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sio kwamba hawapendani, ni heshima, ukimwona anakuja njiani unakata unaingia kwenye migomba, hamli pamoja, hampeani kitu mkononi. Familia nyingi siku hizi wamelegeza, wengine wameacha kabisa, kanisani wanakaa wote. Baba mkwe wangu ni mtu wa zamani. Hata kwenye harusi yetu alikaa kule mi huku. Akitaka kuingia uani anakohoa kwanza kutoka mbali, na mi nikisikia kile kikohozi naingia jikoni. Mi mtu wa Pwani, mwanzoni nilikuwa nacheka, sa hivi nimezoea na kuna utulivu fulani ndani yake siwezi kuueleza.

Tatizo ni kwamba mjukuu ni mmoja na maziwa ninayo mimi. Mzee kakaa kwenye kibanda chake ng'ambo ya uwanja, anataka mjukuu, mama mkwe anambeba anampeleka, baada ya dakika kumi mtoto analia, anarudishwa, ananyonya, babu anakohoa, anapelekwa tena. Asubuhi ya pili mama mkwe, magoti yake hayo, kaenda na kurudi mara sita na manyunyu. Ya saba akasimama katikati ya uwanja akaita, "We baba Mheshimiwa! Lile toroli lako liko wapi?"

Jamani. Uwanja wa bibi umefagiwa umekandamizwa miaka 40, mgumu kama saruji, tambarare. Katika safari nzima, Iringa, Isimila, Mwanjelwa, pale ndo mahali pa kwanza magurudumu yalizunguka kama yalivyokusudiwa. Mtoto anawekwa kwenye kigari mlangoni kwangu, kivuli juu manyunyu hayamgusi, mama mkwe anakisukuma mpaka katikati penye mti wa parachichi, anakiacha, anarudi. Babu anatoka kwake na kofia yake na fimbo, anakuja, anakishika, anaondoka nacho. Mi nachungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni. Sikuwahi kumuona mzee karibu namna ile. Ni mrefu. Masikio ya Mheshimiwa ni ya kwake, yametoka hivyo hivyo. Alikuwa anasukuma taratibu anaongea Kinyakyusa bila kupumzika, mtoto amenyanyua uso anamsikiliza, na mtoto akianza kuguna kigari kinarudishwa mtini, babu anakohoa, anaondoka zake. Siku tatu ikawa ndo utaratibu. Mume wangu, hebu fikirieni, mwanaume alikaa kizingitini na kikombe cha chai akiangalia kigari chake cha elfu 85 kinapita, hakusema neno hata moja, alikuwa anakunywa tu chai.

Tulitoka pia. Siku moja na wifi yangu tulienda Daraja la Mungu, mto Kiwira unapita chini ya mwamba ambao umejijenga kama daraja, lava ya zamani ilipoa juu maji yakaendelea kutoboa chini. Mvuke wa maji unakupiga usoni, pembeni panateleza, mtoto alikuwa mgongoni kwa wifi na kelele za maji zikamlaza fofofo. Ngozi, lile ziwa ndani ya kreta, alienda mume wangu na mdogo wake, mi nilikataa maana kupanda ni msitu na utelezi na ubaridi, sio pa mtoto wa miezi 8. Wamerudi wamejaa tope mpaka nyusi, wakasema ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, wamesubiri juu kule lisaa limoja, ukafunguka dakika mbili, ziwa likaonekana kijani, ukafunga. Baba mtoto anasema dakika mbili zinatosha. Tumekula ndizi asubuhi mchana jioni, ndizi na maharage, ndizi na nyama, ndizi na maziwa mgando. Mheshimiwa kaongezeka shavu.

Siku ya kuondoka gari lilijaa mchele, ndizi mikungu miwili, parachichi, magimbi, kuku mmoja hai kwenye kile kikapu cha milulu. Buti halifungi. Mume wangu akawa anajaribu kukunja kigari kukisukumiza pembeni, mama mkwe akamwambia acha, kigari kibaki, mtakikuta. Nikaingia kwenye gari. Baba mkwe alikuwa amesimama kwake mbali na fimbo, hakuja, ila kofia alikuwa ameivua.

Tumerudi wiki tatu sasa. Kitenge kimoja kimechanika kona, Mheshimiwa anasimama kwa kushika kochi. Kila Jumapili mama mkwe anapiga, anasema kigari kinabeba ndizi kwenda gulioni, na mzee hataki, anasema ni cha mjukuu kisichafuliwe, wamegombana. Jana usiku simu imeingia kwa mume wangu, namba ya baba'ke, ambaye huwa hapigi kabisa maana anasema simu ni za mama. Gurudumu la mbele kushoto limepasuka. Anauliza Kariakoo linauzwa shilingi ngapi, na kama tunaweza kulituma na basi la kesho.